Upigaji picha wa mtaani

Upigaji picha wa mtaani ni tawi la upigaji picha ambamo mpiga picha huwapiga picha watu asiowajua mahali pa wazi, kama vile barabarani, sokoni au ndani ya treni, bila kuwapanga na mara nyingi bila wao kujua.

Ugumu wake ni huu: mtu akiombwa ruhusa hujiweka sawa, hutabasamu au hukaza uso, na kile kilichomvutia mpiga picha hutoweka. Asipoombwa, sura yake huchukuliwa bila ridhaa. Ndiyo maana wengi huona haya kuinua kamera mbele ya mgeni, na kwa sehemu kubwa historia ya fani hii ni historia ya mbinu za kujificha.

Historia

Mwaka 1916 Mmarekani Paul Strand alifunga lenzi ya bandia ubavuni mwa kamera yake, ili watu wa New York wadhani analenga upande mwingine. Katika mfululizo huo alimpiga mwanamke kipofu aliyening'iniza kibao kifuani. Picha hiyo ni mashuhuri hadi leo, ingawa mwanamke huyo asingeiona kamera hata kama isingefichwa.

Kamera ndogo ya Leica, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, ilirahisisha kazi. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifunika sehemu zake zinazong'aa kwa utepe mweusi.

Walker Evans alikwenda mbali zaidi. Kati ya 1938 na 1941 alipanda treni za chini ya ardhi za New York akiwa ameficha kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo na waya wa kufyatulia ukipita kwenye mkono wa koti. Abiria waliokaa mbele yake wanaonekana wamechoka, wamezama katika mawazo yao. Evans mwenyewe hakuwa na amani na jambo hilo: kitabu cha picha hizo, Many Are Called, kilitoka mwaka 1966 tu.

Sheria

Nchi hazikubaliani. Philip-Lorca diCorcia aliwapiga wapita njia wa Times Square kati ya 1999 na 2001 kwa taa zilizofungwa juu yao. Myahudi mmoja wa madhehebu ya Hasidi alishtaki, akisema imani yake imekiukwa. Mwaka 2006 mahakama ya New York ilitupa kesi hiyo, kwa kuwa picha ni sanaa na muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Nchini Ufaransa, kinyume chake, kila mtu ana haki juu ya sura yake.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya inawapa nafuu waandishi wa habari na wasanii, lakini si wafanyabiashara: mwaka 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.