Anemoni wa bahari katika tangi la nyumbani: taa gani yamfaa, na kwa saa ngapi

Aliyewahi kuvaa miwani ya kuogelea akachungulia mwambani Watamu au Kisite amjua anemoni wa bahari, hata kama hamjui kwa jina. Ni kile kiumbe laini kilichoshika jiwe, chenye vidole vingi vinavyopepea na mkondo, na katikati yake wamo samaki wawili watatu wa mistari myeupe wanaojificha bila kudhurika. Kwa miaka mingi samaki wa urembo wamekuwa wakivuliwa katika pwani yetu na kuuzwa nchi za nje, na baadhi yetu pia tumeweka matangi ya kioo hotelini na majumbani. Anemoni ndiye atamaniwaye sana na wenye matangi, na ndiye afaye upesi mikononi mwa asiyejua. Moja ya sababu kubwa ni taa.

Mnyama anayelishwa na mwanga

Anemoni ana umbo la ua, lakini ni mnyama, jamaa ya matumbawe na konyeza. Vidole vyake vina sumu ya kukamata vijisamaki na kamba wadogo. Hata hivyo, chakula chake kingi hatoki kukiwinda. Ndani ya mwili wa anemoni wanaoishi na samaki hao wa mistari mna mwani wadogo mno, wasioonekana kwa macho, waitwao zooksantela. Mwani hawa hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji wao. Yeye huwapa hifadhi, na uchafu wa mwili wake huwa mbolea yao. Rangi ya kahawia uionayo kwake hutokana na mwani hao.

Basi anemoni aliyewekwa chini ya taa hafifu ni mnyama mwenye njaa. Hafi siku ile. Hupungua kidogo kidogo kwa wiki au miezi, na mwenye tangi hudhani ni maji mabaya.

Si kila anemoni hutegemea mwanga. Mwaka 1828 mtaalamu wa viumbe wa Scotland, Sir John Dalyell, alimchukua anemoni mwekundu wa bahari ya baridi huko North Berwick akamfuga katika chupa. Dalyell alifariki mwaka 1851, anemoni akalelewa na wengine hadi alipokufa mwaka 1887. Aina ile haina mwani mwilini, ndiyo maana iliishi bila taa yoyote maalumu. Kisa hiki chatufunza mambo mawili: kwanza ujue aina unayofuga, na pili, anemoni ni kiumbe awezaye kuishi miaka mingi akitunzwa vyema.

Mwanga wa macho na mwanga wa mwani

Kosa la kawaida ni kupima taa kwa macho. Jicho la binadamu huona vyema zaidi rangi ya kijani na manjano, na namba ya lumeni iliyoandikwa kwenye boksi la balbu hupimwa kwa jicho hilo. Mwani wa anemoni hutumia zaidi mwanga wa buluu. Baharini, rangi nyekundu humezwa na maji katika mita chache za juu, na buluu ndiyo ishukayo mbali, kwa hivyo mwani hawa wameizoea. Balbu ya manjano ya sebuleni yaweza kung'aa sana na bado ikamwacha anemoni na njaa. Taa za LED za matangi ya bahari huwa na buluu nyingi, kati ya nanometa 420 na 480, pamoja na nyeupe kiasi.

Kipimo kifaacho ni PAR, yaani mwanga ambao mimea na mwani waweza kuutumia. Jua la saa sita mchana katika ukanda wetu hufika karibu 2,000 juu ya maji. Ndani ya tangi, anemoni wa vidole vyenye ncha kama puto, Entacmaea quadricolor, ambaye ndiye mwepesi kumfuga, wafugaji wengi humweka kwenye PAR ya 100 hadi 250. Heteractis magnifica, yule mkubwa mwenye shina la rangi kali, hutaka 300 na zaidi pamoja na mkondo wa nguvu, na hamfai anayeanza.

Pima pale anemoni alipokaa, maana kila unaposhuka majini mwanga hupungua. Chumvi iliyoganda kwenye kioo cha juu nayo hula mwanga, kwa hivyo ifute kila wiki.

Saa za taa na kumzoesha

Kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Katika tangi, saa 8 hadi 10 za mwanga kamili zatosha, na saa moja ya mwanga mdogo asubuhi na nyingine jioni. Tumia swichi ya saa ili ratiba isibadilike, na usiku giza liwe giza.

Anemoni mgeni asipewe mwanga wote siku ya kwanza. Anza na theluthi au nusu ya nguvu ya taa, kisha uongeze polepole kwa wiki tatu au nne. Mwanga mwingi wa ghafla huwafanya mwani watoe kemikali zinazomdhuru mwenyeji, naye huwatapika akabaki mweupe. Joto likizidi, madhara huwa makubwa zaidi. Ndivyo matumbawe ya mwambao wetu yalivyogeuka meupe mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, na mengi yakafa.

Dalili za kuangalia

Akijinyoosha juu sana, au akihama kuelekea kwenye taa, mwanga ni mdogo. Akijikunja na kujificha chini ya jiwe kila taa inapowaka, huenda mwanga umezidi. Akiwa mweupe pepepe, amepoteza mwani wake: punguza mwanga kiasi, mlishe vipande vidogo vya kamba mara mbili tatu kwa wiki, na umpe muda. Mdomo ukibaki wazi na mwili ukilegea kwa siku kadhaa, ni hatari. Pima maji mara moja.

Joto na stima

Maji yakae nyuzi 25 hadi 27. Taa za zamani za metal halide hutoa mwanga mzuri lakini huchemsha tangi, na kwa joto letu la kaskazi hilo ni tatizo. LED hupunguza joto na gharama ya stima. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji husaidia. Usiweke tangi penye jua la dirishani: maji hupata joto na mwani wa uchafu hujaa.

Stima zikipotea, siku moja bila taa haimdhuru anemoni. Kitakachomuua ni pampu kusimama na hewa kwisha majini. Weka pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua taa ya pili.

Kabla ya kumchukua

Ngoja tangi litimize angalau miezi sita. Wala usiende kumng'oa mwambani. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, ni marufuku, na popote pale mguu wake huchanika ukivutwa, jeraha likaoza. Samaki wake hutaga mayai kwenye jiwe chini yake, hivyo ukimwondoa umevunja nyumba ya familia nzima.

Aina ya Entacmaea hujigawa yenyewe ndani ya tangi, mmoja akawa wawili. Muombe mwenzako aliyefanikiwa. Na kama taa nzuri bado huna uwezo nayo, weka samaki peke yao: tangini, pasipo maadui, huishi vyema bila anemoni.