Kupanga Majani ya Mti wa Makundi

Mti wa makundi, au dendrogramu, ni mchoro unaoonyesha vitu vinavyofanana vikiunganishwa hatua kwa hatua hadi vyote viwe kundi moja. Maana yake imo katika kimo cha viungo: vitu vilivyoungana chini vinakaribiana, vilivyokutana juu vimeachana. Kukaa bega kwa bega kwenye mstari wa majani, yaani vitu vyenyewe, hakuthibitishi lolote, kwa kuwa matawi mawili ya kila kiungo yanaweza kubadilishana upande na mti ukabaki uleule. Majani 4 yana mipangilio 8 halali. Majani 31 yana zaidi ya bilioni 1.

Chukua vipimo vinne: 2, 5, 11 na 13. Katika programu ya R, amri ya hclust hutanguliza kushoto tawi lililobana zaidi, hivyo mstari husomeka 11, 13, 2, 5. Namba 13 na 2, zinazotofautiana kuliko zote, zimekuwa majirani, na ukijumlisha tofauti za majirani unapata 16. Matawi mawili ya juu yakibadilishana upande, mstari unakuwa 2, 5, 11, 13 na jumla inashuka hadi 11. Hakuna kiungo kilichoguswa kimo chake, lakini mfululizo uliokuwa umefichika sasa unaonekana.

Jambo hili lilipata uzito mkubwa katika biolojia. Mwaka 1998 Michael Eisen na wenzake walichapisha miti ya jeni za hamira ikiwa ubavuni mwa jedwali la rangi nyekundu na kijani. Kwenye jedwali la namna hiyo, mpangilio mbaya hukatakata bonge moja la rangi likawa viraka. Mwaka 2001 Ziv Bar-Joseph, David Gifford na Tommi Jaakkola walionyesha kwamba mpangilio bora kabisa unapatikana bila kujaribu yote: kila tawi, kuanzia chini, huhifadhi jumla ndogo kuliko zote kwa kila jozi ya majani yanayoweza kukaa kwenye ncha zake, kisha tawi la juu hutumia hesabu hizo.

Majani yakiwa maelfu, kazi hiyo huchukua muda mrefu. Pengine ndiyo sababu maktaba ya SciPy haiifanyi mpaka uwashe chaguo la optimal_ordering. Naona inafaa kuiwasha kwa kila mchoro utakaosomwa na wengine. Mti uliojengwa kwa kipimo kisichofaa, hata hivyo, hautengenezwi na mpangilio wowote.