Ingwe ni Nani? Historia ya AFC Leopards kwa Msee Aliyezaliwa Baada ya 1998

Ukishuka matatu pale Kawangware 56 Jumamosi jioni, jezi utakazoona ni za Arsenal, Man U na Chelsea. Lakini uliza mzee yeyote anayeuza viatu hapo kando ya barabara timu yake ya nyumbani ni gani. Kuna uwezekano mkubwa atakujibu kwa neno moja: Ingwe. Na akianza story, utafika kwako usiku.

Ingwe ni chui kwa Kiluhya, na ndilo jina la mtaani la AFC Leopards, moja kati ya timu mbili kubwa zaidi kwa historia ya mpira wa Kenya. Ile ingine ni Gor Mahia, tutaifikia. Shida ni kwamba kombe la mwisho la ligi Ingwe walibeba 1998, na hadi msimu wa 2024/25 unaisha walikuwa bado hawajalirudisha. Kama uko chini ya miaka 25, wewe umesikia sifa tu. Basi shika rada yote, kutoka mwanzo.

Ilianza aje?

Timu ilizaliwa Machi 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata Uhuru. Wakati huo Waluhya walikuwa wamejaa Nairobi wakitafuta kazi, na kila kikundi kilikuwa na timu yake. Wamarama walikuwa na yao, Wasamia yao, na wengine vivyo hivyo. Wikendi ni mpira, wiki ni kazi. Kwa wengi hiyo timu ndiyo ilikuwa familia yao ya mjini: ukifika tao hujui mtu, unaenda uwanjani, unapata mtu wa kwenu, anakuonyesha pa kulala na pa kuulizia kibarua.

Lakini kwa uwanja nguvu zilikuwa zimetawanyika. Wachezaji wazuri walikuwa wengi, ila kila mmoja alikuwa kwa timu yake ndogo. Ndio wazee wakaamua kuunganisha, na ikatoka Abaluhya United. Miaka miwili baadaye, 1966, wakabeba ligi. Wakarudia 1967, wakabeba tena 1970 na 1973.

Mbona jina lilibadilishwa?

Hapa wengi huchanganyikiwa. Mwaka wa 1973 United ilitoka, ikabaki Abaluhya FC. Kisha mwanzoni mwa utawala wa Moi, sirkal ikasema haitaki vilabu vyenye majina ya kikabila. Timu ya jirani, Luo Union, ikageuka kuwa Re-Union. Abaluhya nao, kufikia 1980, wakawa AFC Leopards.

Sasa cheki ujanja wa wazee. Herufi AFC zilibaki zile zile, ila zikapewa maana mpya isiyotaja kabila lolote. Na jina la chui likawa la kila mtu. Kwa karatasi, Abaluhya ilikufa. Kwa majukwaa, isikuti hazikunyamaza hata siku moja. Hizo ni ngoma za Waisukha na Waidakho kutoka Kakamega, ambazo mwaka wa 2014 UNESCO waliziweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ukienda gemu ya Ingwe utazisikia kabla hujafika langoni.

Miaka ya moto

Kama kuna wakati ungetamani kuzaliwa, ni huu. Kati ya 1980 na 1989 Ingwe walibeba ligi mara sita: 1980, 1981, 1982, 1986, 1988 na 1989. Na hawakuwa wanatesa Kenya pekee. Kwa kombe la vilabu la Afrika Mashariki na Kati, lile watu huita CECAFA, walikuwa wameshinda 1979 wakiwa bado Abaluhya. Wakarudi wakalibeba 1982, 1983 na 1984, mfululizo. Ile ya 1984 ilikuwa tamu zaidi kwa sababu waliowachapa fainali ni Gor Mahia. Mwaka uliofuata wakakutana tena fainali, na Gor wakalipiza. La tano likaja 1997.

Wakati huo huo, Harambee Stars ilishinda Kombe la Challenge la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Timu ya taifa na Ingwe zilikuwa zinapanda pamoja.

Majina unafaa kujua

*Joe Kadenge.* Alianza Maragoli United kabla ya kutua Abaluhya. Ukiwahi kusikia mtu akisema "Kadenge na mpira", ilitoka kwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, na ikageuka msemo wa nchi nzima. Kadenge alifariki Julai 2019. Siku hizi City Stadium ya Jogoo Road wengine wanaiita kwa jina lake.

*Jonathan Niva.* Difenda na kapteni. Ndiye aliongoza Kenya kwa Kombe la Afrika la kwanza kabisa tuliloshiriki, kule Cameroon 1972.

*Mahmoud Abbas.* Kipa. Watu walimpa jina Kenya One, na hiyo pekee inatosha kukuambia alikuwa nani.

*Joe Masiga.* Straika ambaye pia alichezea Kenya raga, na juu ya hayo yote ni daktari wa meno. Ukiambiwa huwezi soma na ucheze, taja huyu.

*Wilberforce Mulamba.* Mtaani aliitwa Maradona. Usiulize kwa nini.

*Noah Wanyama.* Hata kama hujui mpira wa Kenya, unajua watoto wake. McDonald Mariga alikuwa kwa kikosi cha Inter Milan kilichobeba Champions League 2010, na Victor Wanyama alicheza Celtic, Southampton na Tottenham. Mbuyu wao alikuwa anapiga mpira Ingwe.

Mashemeji ni nini?

Gor Mahia ilianzishwa 1968, na tangu hapo gemu kati ya hao wawili ndiyo gemu. Inaitwa Mashemeji Dabi kwa sababu Waluo na Waluhya ni majirani huko magharibi mwa Kenya na wameoana kitambo. Kuna nyumba Kangemi ambapo baba ni Ingwe, mama ni Gor, na siku ya dabi ugali unaliwa kimya kimya.

Siku hiyo tao nayo inabadilika. Mashabiki wa Gor wanajaa pale sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue. Wa Ingwe wanatoka Kawangware na Kangemi na jezi zao za bluu na nyeupe, ngoma juu, matatu zimejaa hadi mlangoni. Ikienda vizuri, hakuna sherehe kama hii Kenya. Ikienda vibaya ni mawe. Machi 2012 pale Nyayo gemu ilisimama karibu nusu saa kwa sababu ya vurugu. Hiyo ni moja ya sababu wazazi wengi waliacha kubeba watoto uwanjani, na mtoto ambaye hajabebwa uwanjani ndiye huyo leo ana jezi ya Arsenal.

Walianguka aje?

Ingwe si ya tajiri mmoja wala kampuni. Ni ya wanachama, na ndio wanapiga kura kuchagua mwenyekiti. Hiyo ni raha yake na pia shida yake. Wapinzani kama Tusker wana kampuni nyuma yao, mshahara unaingia. Ingwe walitegemea pesa ya langoni, wafadhili, na roho safi ya mashabiki. Vita vya ofisini vikianza, wanaoumia kwanza ni wachezaji.

Baada ya 1998 mambo yakaenda chini pole pole, hadi 2006 timu ikashuka kutoka ligi kuu. Hebu fikiria: Ingwe kwa ligi ya chini, viwanja vya vumbi. Walirudi 2009. Furaha zikaja kwa Kombe la FKF: 2013 walichapa Gor 1-0 kwa fainali, na 2017 wakachapa Kariobangi Sharks.

Kisha 2019 sirkal ikagombana na kampuni za kamari, na SportPesa, waliokuwa wanafadhili Ingwe na Gor, wakatoka. Chapaa ikakauka. Madeni ya wachezaji na makochi wa zamani yakafika FIFA, na 2021 timu ikafungiwa kusajili wachezaji. Vijana wadogo ndio wakabeba mzigo, na kusema ukweli, walijikaza.

Sasa inakuhusu nini?

Pale Jamhuri, Ngong Road, kuna uwanja wa Talanta wa viti 60,000 uliopangwa kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Kenya inaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Kutoka Kawangware unaweza hata kutembea. Kwa miaka mingi msee wa huku alilazimika kuvuka tao nzima kufuata mpira Kasarani au Jogoo Road. Sasa uwanja mkubwa uko mlangoni kwake.

Lakini viti havijijazi. Klabu ya wanachama inaishi kwa vitu vitatu: tiketi, jezi halali, na uanachama. Kila tiketi unayoruka langoni ni mshahara wa kijana fulani aliyetoka mtaa kama wako. Na kila jezi feki unayonunua pale Gikomba haipeleki kwa timu hata bob moja.

Si lazima uwe Mluhya. Hiyo herufi ya kwanza ilibadilishwa maana ili hata wewe uingie. Anza na gemu moja. Na ukitaka darasa la bure kabla ya kwenda, rudi kwa yule mzee wa viatu, umuulize ni nani alikuwa mkali zaidi kati ya Kadenge na Mulamba. Beba maji ya kunywa, hiyo mjadala haiishi haraka.