Malkia Mtoto Ndani ya Vazi la Friesland

Katika picha moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, Malkia Wilhelmina wa Uholanzi hakuvaa taji wala joho la kifalme. Amevishwa kama binti wa Friesland, jimbo la wafugaji na mabaharia kaskazini mwa nchi, na kichwani ana kofia ya lesi iliyofunika bamba la dhahabu, pambo lililotambulisha wanawake wenye uwezo wa huko. Alikuwa bado mtoto, lakini vazi lile lilikuwa kazi ya dola.

Ukoo wa Orange-Nassau ulikuwa karibu kukatika. Mfalme Willem III alizaa wana 3 na mke wake wa kwanza, Sophie, na wote wakamtangulia kaburini. Wa mwisho, Alexander, alifariki 1884. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 61, mfalme alimwoa Emma wa Waldeck-Pyrmont, aliyekuwa na miaka 20. Wilhelmina alizaliwa tarehe 31 Agosti 1880. Baba yake alipokufa Novemba 1890, binti alikuwa na miaka 10, na Emma akashika madaraka kwa niaba yake.

Mjane huyo alirithi ufalme uliopungukiwa heshima, naye akaamua kumtembeza mwanawe jimbo kwa jimbo ili wananchi wamwone. Friesland ilihitaji uangalifu. Nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani ilikuwa imevunja soko la wakulima, vibarua wakakosa kazi, na wengi wakahama nchi. Mwaka 1888 wapiga kura wa Schoterland, huko huko Friesland, walimpeleka bungeni Domela Nieuwenhuis, mbunge wa kwanza msoshalisti wa Uholanzi. Mchungaji huyo wa zamani alikuwa ametoka kifungoni, alikowekwa kwa sababu ya makala iliyohukumiwa kuwa ya kumkashifu mfalme.

Vazi la Friesland liligusa pia kumbukumbu ya zamani. Mababu wa Wilhelmina walikuwa watawala wa jimbo hilo kabla ya kuitawala nchi nzima. Mmoja wao, Willem IV, alizaliwa Leeuwarden, huko huko Friesland, mwaka 1711, na ni mwaka 1747 tu ndipo majimbo yote yalipomkubali kuwa mtawala wao. Kumvika mtoto vazi hilo kulikuwa sawa na kuwaambia wenyeji: huyu ni wenu.

Hata hivyo, utamaduni huo wa kijimbo ulikuwa na asili ya mbali. Katika karne ya 18 wanawake wa Friesland walipendelea vitambaa vya pamba vya maua kutoka pwani ya Coromandel, India, vilivyoletwa na meli za kampuni ya Kiholanzi. Karne iliyofuata biashara iligeuka: viwanda vya Uholanzi vikachapa kanga kwa ajili ya wanawake wa Zanzibar na mwambao wetu.

Na bahari iliyopitisha vitambaa hivyo inafichua upande wa pili wa picha. Katika visiwa vya Indonesia ya leo, tangu 1873 jeshi la Uholanzi lilipigana Aceh, na mwaka 1894 likaivamia Lombok. Watu wa visiwa hivyo nao walihesabiwa kuwa chini ya dola ya Wilhelmina, wenye mavazi na lugha zao, lakini hakuwahi kukanyaga nchi yao katika utawala wake wote. Friesland ilikuwa na kura, ikabembelezwa kwa lesi na dhahabu. Aceh haikuwa nayo, ikapelekewa mizinga.

Wilhelmina aliapishwa Amsterdam tarehe 6 Septemba 1898, na mwaka huo huo mji uliandaa maonyesho ya mavazi ya asili kwa heshima yake. Mkakati wa Emma ulifaulu: binti alitawala hadi 1948, na kiti kikabaki mikononi mwa wanawake hadi 2013. Tuonapo mtawala amevaa vazi la wananchi, tuulize ni wananchi gani anaowahitaji, na ni wepi aliowasahau.