Deni la Ndama na Mali ya Mama

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Maana yake yajulikana na kila msomaji. Siku ya kupokea ni kicheko, na siku ya kulipa ni kununa. Lakini liko deni moja ambalo katika vijiji vingi vya Afrika hulipwa kwa ngoma na vigelegele. Ni deni la ndama. Mtu amepewa ng'ombe ao mbuzi pasipo feza, kwa agano hili: mtoto jike wa kwanza atampa jirani asiye na kitu. Siku ya kumtoa huyo ndama watu hukusanyika, na yule aliyekuwa maskini jana anasimama mbele yao kama mtoaji.

Tunataka kuchunguza habari ya deni hilo, limetoka wapi na limefika wapi. Watu wengi hufikiri ya kwamba kupeana mifugo ni shauri jipya lililoletwa na wageni. Sivyo. Babu zetu walikopeshana ng'ombe kabla Mzungu wa kwanza hajayaona maji ya ziwa Kivu. Lililo jipya ni njia ya deni. Zamani deni lilipanda juu, kwa mkubwa. Sasa lashuka chini, kwa jirani. Tena ndani yake mna swali lisilokwisha bado: katika deni hilo mama ni mwenye mali, ao ni mchungaji tu?

Ng'ombe wa bwana

Tuanze na jirani zetu wa Rwanda. Kule palikuwa na agano lililoitwa ubuhake. Mtu aliyetaka ng'ombe alikwenda kwa tajiri na kujiweka chini yake. Tajiri akawa shebuja, ndiyo bwana. Mwombaji akawa umugaragu, ndiyo mtumishi. Mtumishi alipewa ng'ombe, akanywa maziwa yake na kutumia mbolea yake. Lakini ng'ombe mwenyewe hakuwa wake kamili. Ilimpasa kumtumikia bwana: kujenga ua wake, kumsindikiza safarini, kukaa karibu naye alipomhitaji. Naye bwana alimlinda mbele ya wakubwa wengine. Wakikosana, bwana aliweza kuwachukua ng'ombe wote pamoja na ndama zao. Tusidhani ya kwamba agano hilo lilikuwa la Mtutsi na Mhutu tu. Mtutsi naye aliweza kuwa mtumishi wa Mtutsi aliyemzidi. Burundi walikuwa na agano linalofanana nalo, waliloliita ubugabire.

Kwetu upande wa Bushi, ng'ombe alifungua mlango wa shamba. Mtu aliyetaka udongo wa kudumu alimpelekea mwami ao mkubwa wa kilima ng'ombe wa kalinzi, naye akapata haki ya kulima pale na kuwaachia wana wake. Tazameni basi: Rwanda ng'ombe alishuka kutoka kwa mkubwa na kazi ikapanda, Bushi ng'ombe alipanda na udongo ukashuka. Njia ni mbili, lakini kamba ni moja. Ng'ombe alikuwa kamba ya kumfunga mtu mdogo kwa mtu mkubwa.

Na mama alikuwa wapi? Katika Rwanda ya kale ilikuwa mwiko mwanamke kukama ng'ombe. Yeye alisukasuka maziwa katika kibuyu mpaka siagi ikatoka, aliosha vyombo, alisafisha zizi. Mikono yake iligusa kila kitu cha ng'ombe isipokuwa agano. Shamba la kalinzi nalo lilikwenda kwa mtoto mwanamume. Mama alikula matunda ya mali; mali yenyewe ilipita juu ya kichwa chake, kutoka kwa baba mpaka kwa mwana.

Mwaka 1954 mwami Mutara Rudahigwa aliamuru ubuhake ukomeshwe, ng'ombe wagawanywe kati ya mabwana na watumishi. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini malisho mengi yalibaki mikononi mwa mabwana wale wale. Mtumishi alipata ng'ombe, akakosa majani. Na mwenye ng'ombe bila majani hurudi kupiga magoti kwa mwenye majani. Tulishike somo hili, maana tutalihitaji mbele: kumpa mtu mnyama si kumpa uhuru, kama chakula cha mnyama kiko mkononi mwa mwingine.

Si kikombe, bali ng'ombe

Sasa tuvuke bahari. Katika miaka ya 1936 hadi 1939 Wahispania walipigana wao kwa wao. Kati ya watu waliokwenda kuwasaidia wenye njaa alikuwako mkulima mmoja wa Marekani, Dan West, wa Kanisa la Brethren. Kazi yake ilikuwa kuwagawia watoto maziwa, kikombe kwa kikombe. Maziwa hayakutosha, na kesho yake watoto walirudi na njaa ile ile. Akawaza ya kwamba watu hawa hawahitaji kikombe, wahitaji ng'ombe.

Alirudi kwao, akawaeleza wakulima wenzake. Mwaka 1944 mitamba 17 walipelekwa kwa meli kwenye kisiwa cha Puerto Rico. Ndama watatu wa kwanza wa kazi hiyo walikuwa wamepewa majina ya fadhila tatu: Imani, Matumaini na Mapendo. Tangu mwanzo sharti lilikuwa moja: aliyepewa atampa mwingine mtoto jike wa kwanza. Shirika lililozaliwa hapo leo laitwa Heifer International.

Twaona sharti hili kuwa dogo kwa maneno na kubwa kwa matendo. Aliyepokea hamrudishii mtoaji kitu. Hajengi ua wake, hamsindikizi safarini. Deni lake liko kwa mtu aliye chini yake, na akilimaliza, limekwisha. Mtoaji amekatazwa kuwa bwana. Mpokeaji amekatazwa kuwa mwombaji wa daima.

Baada ya hapo shauri likaenea. Tanzania watu walilipa jina la Kiswahili lisilohitaji maelezo: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Uganda, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1986, Wakristo wakulima wa Uingereza walisikia maombi ya huko, wakaanza mwaka 1988 kuwapeleka ng'ombe wenye mimba kwa ndege. Shirika lao waliliita Send a Cow, nao wajane na mama wenye kulea yatima walikuwa mbele katika wapokeaji.

Rwanda nayo, iliyopoteza watu na mifugo mingi katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ilianza mwaka 2006 mpango wa serkali ulioitwa Girinka. Neno hilo ni salamu ya zamani, maana yake: uwe na ng'ombe. Jamaa maskini yapata ng'ombe mmoja wa maziwa, na ndama jike wa kwanza aenda kwa jirani. Ng'ombe waliogawiwa wamepita 400,000. Inchi ile ile iliyokuwa na ubuhake imemgeuza ng'ombe kuwa daraja kati ya jirani na jirani.

Hata hivyo desturi ya kale haifi kwa siku moja. Palitokea wakubwa wa vijiji waliokamatwa kwa sababu walijipatia ng'ombe wa maskini, ao waliwadai maskini feza kabla ya kuwaandika katika orodha. Hapo deni lilikuwa limeanza tena kupanda juu.

Nani akata majani?

Sasa turudi kwa mama. Ng'ombe wa mipango hii hafungwi shambani na kuachwa. Kwa kawaida afugwa katika banda, aletewa majani na maji. Ng'ombe wa kilo 400 hula karibu kilo 40 za majani mabichi kila siku, naye hunywa maji ndoo kadhaa. Matete hayo yakatwa na nani? Maji hayo yatekwa na nani? Kila msomaji aliyekaa kijijini ana jibu. Mama aliyekuwa na kuni, maji, shamba na watoto ameongezewa mtoto mwingine, mwenye tumbo lisiloshiba.

Tusiseme kwa hiyo ng'ombe ni mzigo mtupu. Maziwa huwapa watoto nguvu. Samadi huamsha udongo uliochoka, na maharagwe ya mwaka wa pili huonyesha tofauti. Mama anayeuza maziwa hupata sabuni, chumvi na feza ya masomo. Lakini mara nyingi mambo hugeuka feza ikianza kuwa nyingi. Maziwa ya jioni, yanayobaki nyumbani, huwa ya mama. Maziwa ya asubuhi, yanayokwenda kuuzwa, huwa ya baba. Mama ndiye aliyekata majani. Baba ndiye anayepokea franka.

Tena mume akifa? Hapo ndipo tunapoona jambo lenyewe. Tumewaona ndugu za marehemu wakija na kamba kabla machozi hayajakauka, wakisema: mali ya ndugu yetu ni ya ukoo. Ng'ombe aliyepewa mama kwa ajili ya watoto anaondoka, na deni la ndama linabaki kwa mama. Huko ndiko kulipa matanga kweli kweli.

Kwa hiyo habari ya mifugo ni habari ya sheria pia. Rwanda ilitoa mwaka 1999 sheria iliyompa mtoto mwanamke haki ya kurithi sawa na ndugu yake mwanamume. Kwetu Kongo, sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimlazimu mke kupata ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mapatano mbele ya sheria. Basi mama angewezaje kutia kidole katika barua ya mkopo wa ng'ombe? Mwaka 2016 sheria hiyo ilitengenezwa, ile ruhusa ikaondolewa. Sasa mume na mke wapaswa kupatana. Lakini sheria iko kwenye karatasi, na karatasi haitembei peke yake mpaka kilimani. Yahitaji watu wa kuibeba.

Mnyama mdogo, mali ya hakika

Wako mama wa Kivu waliopata njia nyingine wenyewe, bila kungoja meli wala ndege. Katika vita vilivyoanza mwaka 1996, ng'ombe wengi waliporwa. Ng'ombe huonekana mbali, hulia, hana pa kufichwa. Lakini simbiliki, ambao wengine huwaita dende, hukaa jikoni karibu na moto, hula majani na maganda ya chakula. Mama akikimbia aweza kuwabeba katika kikapu. Mnyama huyo asili yake ni milima ya Andes ya Amerika ya Kusini. Leo Kivu ya Kusini yuko katika nyumba nyingi sana, na wenye kumchunga ni mama na watoto.

Tufanye hesabu. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9, na mara nyingi huzaa mmoja. Nusu ya ndama ni madume, hao hawalipi deni. Na jike akizaliwa, hatazaa na kutoa maziwa mpaka miaka miwili na nusu ao mitatu ipite. Mama wa pili katika orodha angoja sana. Wa tano aweza kuzeeka akingoja. Mbuzi hubeba miezi 5, na mara nyingi huzaa mapacha. Simbiliki hubeba siku 70 hivi, huzaa wawili, watatu, hata wanne. Deni la mbuzi lalipwa karibu na mwaka. Deni la simbiliki lalipwa kati ya mvua moja na ya pili.

Tena liko jambo kubwa kuliko hesabu. Mnyama mdogo hawavuti wakubwa. Ndugu za mume hawaji na kamba kwa ajili ya simbiliki. Mama aweza kumwuza asubuhi na kununua daftari la mtoto mchana, bila baraza. Wengine humdharau mnyama huyo kwa udogo wake. Sisi twaona ya kwamba mali ndogo inayotii neno lako ni bora kuliko mali kubwa inayotii neno la mwingine. Kwanza mama aanze na kuku, simbiliki ao mbuzi. Akiisha kuzoeleka kijijini kuwa mwenye mali, na ng'ombe aje.

Yapasa tufanye nini?

Kwa watu wanaotaka kuanza kupeana mifugo katika vijiji vyao, historia hii yatoa mashauri manne. La kwanza, deni lishuke daima kwa jirani, lisipande kwa mkubwa, awe mkubwa wa kijiji ao mkubwa wa kamati. La pili, majani kabla ya mnyama: asipewe mtu ng'ombe kama hajapanda matete mahali ambapo hakuna wa kumfukuza, tuwakumbuke watumishi wa mwaka 1954. La tatu, kazi igawanywe: mume na watoto waume wajue mundu na ndoo, wasingoje franka tu. La nne, barua iandikwe kwa jina la mama, mbele ya mumewe na mbele ya ndugu za mumewe, nao watie kidole wakiwa wote hai, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Shauri hili la nne hukataliwa mara nyingi. Wanaume husema: mwanamke ni mgeni katika ukoo, mgeni hawezi kumiliki zizi. Twawauliza: nani aliyekesha usiku ng'ombe alipozaa? Mtu aliyekata kilo 40 za majani kila siku kwa miaka mitatu, mwamwitaje mgeni? Babu zetu walimtumia ng'ombe kumjulisha kila mtu bwana wake ni nani. Sisi tuna nafasi ya kumtumia kumjulisha mama ya kwamba hana deni kwa bwana ye yote. Deni lake ni ndama mmoja kwa jirani, naye akimtoa, zizi ni lake.