Habari za Mikindani na Deni la Mwalimu

Msomaji wa Unguja akilisikia jina la Rahaleo ataikumbuka Ng'ambo ya mji wake. Rahaleo ninayoandika kutoka kwayo ni nyingine. Ni mtaa wa Mtwara, kusini kabisa mwa mwambao wetu, si mbali na pale mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini. Hapa nafundisha Kiingereza, pamoja na fasihi yake kwa wale wachache wanaoichagua, na kazi hiyo imenitia katika fikra moja ambayo napenda kuiweka mbele ya wasomaji: mwalimu wa lugha ya wageni ana deni gani kwa mji anaoufundishia?

Mji wa Mtwara kwa umri ni mchanga. Bandari yake kubwa ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, nao mradi ulivunjwa mwaka 1951 hata kabla bandari haijafunguliwa. Mji mkongwe ni jirani yetu Mikindani. Hapo ndipo alipofika David Livingstone mwezi wa Machi 1866, akaanza safari ambayo hakurudi kwao akiwa hai. Shajara zake zilichapishwa London mwaka 1874, na tangu hapo Mikindani imo katika vitabu vya Kiingereza kama kizingiti alichokivuka msafiri mashuhuri. Kijana wa hapa akizisoma huuona mji wa babu zake kwa jicho la mpita njia.

Wenyewe, hata hivyo, hawakukaa kimya. Mwaka 1907 Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, alichapisha kitabu cha nathari na tungo za Waswahili. Humo zimo habari za kale za Lindi, za Sudi na za Mikindani, zilizoelezwa na watu wa mwambao kwa ulimi wao. Mwaka 1962 G. S. P. Freeman-Grenville alizitia habari hizo kwa Kiingereza katika mkusanyo wake wa hati za pwani ya Afrika Mashariki. Basi maneno yaliyotamkwa kwa Kiswahili yakaenda Berlin, na yaliporudi kwetu, yalirudi yamevaa Kiingereza.

Utenzi wa Vita vya Maji Maji nao una kisa kinachokaribiana na hicho. Mtunzi wake, Abdul Karim bin Jamaliddini, alikuwa mtu wa Lindi, na W. H. Whiteley akautoa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Leo ni rahisi kumkuta mtaalamu wa ng'ambo aliyeusoma kuliko mwanafunzi wa Lindi aliyewahi kulisikia jina la mtunzi.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini habari za kwetu tuzisome kwa Kiingereza?" Swali hilo halijibiwi kwa kukitupa Kiingereza. Mtoto wa mvuvi asiyekijua hufungiwa milango mingi, na anayemwambia kuwa lugha hiyo haina maana kwake aghalabu wanawe mwenyewe amekwisha kuwapeleka wanakoipata. Lakini ufunguo hupewa mtu ili afungue, na miongoni mwa ghala zilizofungwa kwa Kiingereza imo ghala yetu sisi.

Katika fikra hizi humkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyeanza kufundisha Kiswahili mjini Berlin mwaka 1900. Yeye aliwafundisha wageni lugha yake, nami nawafundisha wenyeji lugha ya wageni. Ila hakuishia katika sarufi. Aliandika mila na desturi za watu wake, na maandishi yake ndiyo kiini cha kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903. Alifariki Berlin mwaka 1927, na hadi leo atakaye kujua harusi, matanga na ngoma za Mrima wa zama zile hana budi kupita kwake.

Njia ya kurudi ipo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyefundisha fasihi ya Kiingereza kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Mwaka uliofuata riwaya yake ya Paradise ilitoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Riwaya ya mwambao ikawasili nyumbani baada ya miaka 28.

Yaliyofanywa kwa riwaya yanaweza kufanywa kwa tarihi. Huwapa wanafunzi wangu ukurasa wa Kiingereza wa habari za Mikindani wautie katika Kiswahili, kisha waende kwa wazee wakaulize. Hurudi na hitilafu, na hitilafu hizo ndizo somo lenyewe: hapo hujifunza Kiingereza, hujifunza tarihi, na hujifunza kwamba kitabu huweza kuhojiwa. Linalobaki ni la wachapishaji na la wenye vyuo, kuzitoa upya habari za Lindi, Sudi na Mikindani kwa Kiswahili kile kile zilichosemewa, kwa bei ambayo skuli ya Mtwara inaimudu. Lisipofanywa hilo, wajukuu wetu wataendelea kuomba kwa jirani chumvi iliyotoka jikoni kwao.