Kipimo cha Mguu wa Mtoto: Habari za Kufuma na Kushona Nguo za Nyumbani

Katika mwaka wa yubile husemwa mengi juu ya majengo: kanisa hili lilijengwa lini, kengele ile ilitoka wapi, nani aliweka jiwe la msingi. Habari hizo zastahili kuandikwa. Lakini iko kazi nyingine iliyofanywa siku zile zile, isiyo na jiwe la msingi wala jina ukutani, nayo ni kazi ya wanawake walioketi na sindano na uzi wakiwafanyia watoto wao nguo. Kwa kuwa nguo huchakaa na kutupwa, watu hudhani ya kuwa kazi hiyo haina historia. Inayo, tena ni ndefu, na sehemu yake kubwa imetoka katika Afrika hii yetu.

Katika miaka 1913 na 1914 Mwingereza mmoja, John de Monins Johnson, alikuwa akichimba katika magofu ya Antinoupolis, mji uliojengwa na Kaisari Hadriano mwaka 130 baada ya Kristo, upande wa mashariki wa mto Nile. Katika jaa la mji ule, pamoja na takataka za kale, ilionekana soksi moja ya mtoto. Sasa imewekwa mjini London, katika nyumba ya makumbusho iitwayo British Museum. Ilifanywa karibu na mwaka 300, yaani siku za Kaisari Diokletiano, ambaye Wakristo wa Misri huhesabu Miaka ya Mashahidi tangu mwanzo wa enzi yake. Ni soksi ya sufu, ya mguu wa kushoto, yenye mistari ya rangi nyingi. Kidole gumba kimetengwa na vidole vingine vinne, ili kamba ya kiatu ipate kupita katikati.

Mwaka 2018 wataalamu wa makumbusho hiyo walitangaza uchunguzi wao. Walikuwa wameipiga soksi ile picha kwa mianga ya namna mbalimbali, hata wakazitambua rangi zake. Zikaonekana nyingi kwa macho, lakini zote zilitoka katika mimea mitatu tu: mmoja wa kutia wekundu, mmoja wa buluu, na mmoja wa manjano. Mtiaji rangi alichanganya hiyo mitatu kwa busara akapata mistari yote aliyoitaka. Haikuwa kazi ya mtu aliyetupa mali yake ovyo.

Wala haikufumwa kwa sindano mbili kama wafanyavyo wanawake wetu. Ilifanywa kwa sindano moja yenye tundu na vipande vifupi vya uzi, tanzi likipitishwa ndani ya tanzi, mzunguko juu ya mzunguko. Ni kazi ya polepole sana. Kitu kilichofanywa hivyo hakifumuki. Ukivuta ncha ya uzi, chabana tu. Nawaomba wasomaji walikumbuke neno hilo, maana nitalirudia.

Basi, twajifunza nini kwa soksi hiyo? Mimi naona ya kuwa jambo kubwa si umri wake wala rangi zake. Jambo kubwa ni ule mguu wa kushoto. Mtu hawezi kufanya soksi ya mguu wa kushoto, yenye nafasi ya kidole gumba, bila kuujua mguu wenyewe. Ni lazima mtu alimkalisha mtoto yule, akaushika unyayo wake, akaupima kwa uzi au kwa shibiri. Nguo ya namna hiyo ni ushahidi ya kuwa mtoto alikuwa na mtu aliyemjua mwili wake.

Waalimu wa madarasa ya Jumapili hufundisha habari za Hana, mama yake Samweli, nao husimulia sana maombi yake, kisha hupita upesi lile neno dogo lililoandikwa katika sura ya pili ya Kitabu cha kwanza cha Samweli: kwamba mama yule alikuwa akimfanyia mwanawe kanzu ndogo, akimpelekea mwaka kwa mwaka hapo alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu. Mtoto alikuwa Shilo, mama alikuwa Rama. Fundi wa nguo aliulize neno hili: Hana alipata wapi kipimo? Alikuwa hamwoni mtoto ila mara moja katika mwaka. Kwa hiyo ilimpasa kukaa nyumbani akiwatazama watoto wa jirani waliokuwa umri mmoja na Samweli, akakisia amekua kiasi gani, akaongeza kidogo katika pindo. Kila mwaka alipomvika alijua kama amekisia vema. Sidhani iko njia nyingine ya kueleza mapenzi ya mama aliye mbali iliyo fupi kuliko hiyo.

Nirudi kwenye kufuma. Kufuma kwenyewe, kwa sindano mbili au zaidi zisizo na tundu, uzi mmoja ukiwa mrefu bila kukatwa, kulionekana kwanza Misri. Katika mavumbi ya Fustat, mji wa kale karibu na Kairo, vimepatikana vipande vya soksi za pamba, nyeupe na buluu, vilivyofumwa na Waislamu wa zamani za kati kwa ustadi mwingi. Kutoka huko ufundi ukavuka bahari. Katika kaburi la mwana wa mfalme wa Hispania, Fernando de la Cerda, aliyekufa mwaka 1275, uliwekwa mto wa kulalia kichwa uliofumwa kwa hariri.

Karibu na mwaka 1400 mchoraji wa Ujerumani, Bwana Bertram wa Minden, alichora picha katika altare ya masista wa Buxtehude, ambayo sasa iko Hamburg. Katika picha hiyo Bikira Maria ameketi na sindano nne mikononi, amalizia shingo ya kanzu ndogo, na Mtoto Yesu amelala karibu naye penye majani, na kitabu mbele yake. Mtoto amegeuza kichwa, kwa kuwa malaika wawili wamekuja, wamechukua msalaba, mkuki, na taji ya miiba. Mama aendelea na kazi. Mchoraji aliifikiri kanzu isiyo na mshono ambayo askari waliipigia kura Kalvari. Injili ya Mtakatifu Yohana haisemi ya kuwa Maria ndiye aliyeifanya. Hayo ni mapokeo ya watu. Tena neno letu "kufuma" laweza kutudanganya kidogo hapa, kwa maana Waswahili hulitumia kwa kazi ya mfumaji wa kitanda cha mfumi na kwa kazi ya sindano pia, na ile kanzu ya Injili ilikuwa kazi ya mfumi. Walakini mchoraji alijua jambo moja kweli: sindano nne zikizunguka hufanya nguo pasipo mshono, nasi twaliona hata leo katika soksi yo yote iliyofumwa vizuri.

Mwaka 1589, huko Calverton katika Uingereza, William Lee, ambaye husimuliwa kwamba alikuwa kasisi, alitengeneza mashine ya kufuma soksi. Yasimuliwa ya kuwa Malkia Elizabeth alikataa kumpa hati ya ulinzi, akiogopa kwamba maskini waliopata riziki kwa sindano wangekosa chakula. Lee akaenda Ufaransa, akafa huko bila utajiri. Mashine yake haikufa. Tangu hapo soksi zikaanza kufumwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana, ndogo, za kadiri, na kubwa, na mguu ukatafutwa baadaye.

Jambo hilo hilo lilitufikia pwani yetu kwa njia ya nguo. Wako watu wasemao ya kuwa kabla ya wageni watu wa huku hawakujua uzi. Si kweli. Katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vigurudumu vingi vidogo vya vigae vilivyotobolewa katikati, ndivyo vya kusokotea pamba. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika juu ya nguo zilizofumwa mjini humo, zikapelekwa hata Misri. Na Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika karibu na mwaka 1516, aeleza habari za wafumaji wa Sofala: walikuwa na pamba nyeupe yao wenyewe, lakini hawakuwa na rangi ya kuitia, basi wakazichukua nguo za rangi zilizotoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma tena pamoja na uzi wao mweupe, wakapata nguo mpya.

Kazi hiyo ilidhoofika nguo za mashine zilipozidi. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, merikebu za Salem zilileta Unguja majora mengi ya pamba, na ndiyo sababu nguo ile huitwa merikani hata sasa. Merikani ilikwenda bara kama fedha. Ilinunua pembe za ndovu. Ilinunua na watu. Hapo ndipo habari za uzi na habari za misheni zilipokutana.

Askofu Tozer na Dakta Steere wa misheni ya U.M.C.A. walifika Unguja mwaka 1864, na Sultani Majid akawapa watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Baadaye wakaja wasichana pia. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na wasichana wakapata makao Mbweni, katika shamba lililonunuliwa na misheni mwaka 1871. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaisimamia shule ya wasichana hata mwaka 1902.

Fikiri, msomaji, hali ya mtoto aliyetolewa jahazini. Alikuwa na mama, lakini mama yake hakujua yu hai au amekufa, sembuse urefu wa mkono wake. Hana alikisia kipimo cha mwaka mmoja. Mama huyu hakuwa na mahali pa kupeleka kanzu. Nguo za kwanza za watoto hawa nyingine zilishonwa na wanawake wa parokia za Uingereza waliokutana kushona kwa ajili ya misheni. Waliwapenda, bila shaka, nao walitoa muda wao. Lakini walishona kwa ajili ya watoto ambao hawakuwaona kamwe.

Kwa hiyo mimi siyadharau masomo ya kushona yaliyofundishwa Mbweni, ingawa najua wako wanaoyalaumu, nao wana haki kwa sehemu. Wasichana waliofanya vema vitabuni walitengwa wapate kuwa waalimu, na wengine wakapewa kazi za mikono, na haikosi kwamba hao wa pili walijiona wamewekwa nyuma. Lakini litazame jambo hili kwa upande mwingine. Msichana asiyekuwa na mtu wa kumpima alifundishwa kupima. Waliokua wakaolewa, wakazaa, na mtoto wake akavaa nguo iliyokatwa na mama yake mwenyewe kwa kipimo cha mwili wake. Uzi uliokatwa na wafanya biashara ya watu ulifungwa tena pale.

Kufuma kwa sufu hakukushika sana pwani, kwa sababu ya joto. Pwani walipenda kofia na vitambaa vya meza. Kulishika milimani, Usambara, Kilimanjaro na nyanda za juu za kusini, ambako mtoto azaliwaye mwezi wa Juni au Julai hukuta baridi kali. Hili si jambo la urembo. Mtoto mchanga, zaidi sana aliyezaliwa kabla ya siku zake, hupoteza joto upesi, na ndiyo maana wakunga huagiza kofia na soksi mara anapokwisha kukaushwa.

Vijiatu vya sufu vya mtoto ni kazi ya jioni mbili tatu kwa mkono uliozoea. Mfumaji hutia matanzi katika sindano, hufuma kifundo cha mguu, hupunguza na kuongeza penye kisigino, kisha hufunga unyayo. Hapo penye kifundo huacha matundu madogo ya kupitisha kamba, kwa kuwa mtoto bado hajazaliwa na mguu wake haujaonekana; kamba hukaza au hulegeza. Bibi anayemfumia mjukuu kabla ya kuzaliwa hukisia kama Hana.

Na hapa narudi kwenye neno nililowaomba mlikumbuke. Soksi ya Antinoupolis haifumuki, lakini nguo ya sindano mbili hufumuka yote kwa kuvuta ncha moja. Mwanamke wa milimani, sweta la mtoto wake wa kwanza likimbana, hulifumua. Uzi hutoka umejikunja kama nywele. Huufunga mafungu, huufua, huutundika na kitu kizito chini yake hata unyooke, kisha huanza kuufuma tena kwa kipimo cha mtoto wa pili. Na uzi ukipungua, huongeza wa rangi nyingine, kama wafumaji wa Sofala.